Kitufe Alichokiondoa Mke Wangu

Kaka yangu mkubwa hapokei simu zangu. Mara ya mwisho tulipoongea, sauti zetu ziliwatoa majirani nje, naye akasema kuanzia siku hiyo mambo ya kiwanja cha baba yaandikwe, kwa sababu mimi nikishika simu nabweka. Alisema kweli. Ila na yeye anabweka, tena kunishinda, tofauti ni kwamba anabwekea ng'ambo, na umbali humpa mtu heshima asiyoifanyia kazi.

Basi tukaanza kuandikiana barua pepe, na mimi shule niliiacha kabla haijanizoea.

Jambo lenyewe ni hili. Kiwanja alichotuachia baba ndicho chenye karakana yangu ya makochi. Hati ina jina la kaka kwa sababu yeye ndiye kifungua mimba. Mimi na mke wangu ndio tunaofanya kazi pale: mimi nachana, napigilia, nafunga springi na kujaza sponji, yeye anashona vitambaa. Kaka akapata mnunuzi. Mnunuzi angekuja Jumamosi kupima. Nisipomgeuza kaka mawazo kabla ya Jumamosi, ningekuwa fundi makochi wa kando ya barabara, mvua ikinyesha nafunika kochi la mteja kwa koti langu na mimi mwenyewe nalowa kama kuku.

Aliyetuwekea barua pepe ni shemeji yangu, mume wa dada. Sote tunamwita Karani, hata dada, kwa sababu ni karani na hajawahi kutupa nafasi ya kusahau. Alileta kompyuta ya zamani ya ofisini kwao, akaiweka juu ya meza ya kukatia vitambaa, akaifuta vumbi kwa leso yake mwenyewe, akafungua dirisha la kuandikia barua. Akarudi nyuma hatua moja alitazame, kama mtu aliyezaa.

Dirisha lenyewe lilikuwa kama soko siku ya gulio. Kabla hujafika mahali pa kuandika unapita mistari ya vitufe, mmoja juu ya mwingine, kama mabango ya wagombea ukutani. Kuna cha kukoza herufi, cha kuzilaza, cha kuzichora mstari chini, cha kuzichora mstari katikati kana kwamba umeghairi. Kuna rangi. Kuna nyuso za njano zinazocheka, zinazolia, zinazobusu. Kuna bendera nyekundu ya kusema barua hii ni ya haraka. Kuna kitufe cha kudai taarifa kwamba uliyemwandikia ameisoma. Kuna picha ya kufuli ambayo hata Karani hakuweza kunieleza inafunga nini. Na ukianza barua, juu kabisa inajiandika yenyewe "Kwa heshima na taadhima", na chini inajiandika "Idara ya Mawasiliano na Uhusiano".

"Idara gani?" nikamuuliza. "Hapa tupo mimi, mke wangu na paka."

"Shemeji, mtu asiye na idara hajibiwi."

Vidole vyangu vimelelewa na nyundo. Nikilenga kitufe kimoja nagusa vitatu. Barua ya kwanza nilimweleza kaka kwamba ukuta wa nyuma umeanguka na nusura unifukie mzimamzima. Baada ya neno "unifukie" ikaenda sura ya njano inayocheka mpaka machozi. Kaka akajibu: "Unacheka nini?" Barua ya pili, ya kueleza kicheko, ilikwenda na bendera nyekundu na dai la taarifa ya kusoma. Akajibu: "Unataka ushahidi kwamba nimesoma? Mimi ni mshitakiwa wako?" Barua ya tatu niliiandika polepole, ulimi nimeutoa nje kama mtoto anayechora. Ikaenda yote imepigwa mstari katikati, kuanzia taadhima mpaka idara. Akajibu: "Kama umeyafuta mwenyewe, mimi nisome nini?" Kisha akaandika ile ya mnunuzi na Jumamosi.

Ndipo nikamwita Karani. Alikuja na dada, jioni, akiwa bado na kalamu mfukoni mwa shati.

"Tatizo si vitufe, shemeji," akasema, baada ya kusoma zile barua akitikisa kichwa. "Tatizo ni mtumiaji."

Mke wangu alikuwa kwenye cherehani, uzi mdomoni. Akautoa. "Mtumiaji habadiliki, nimejaribu miaka yote. Hebu tubadilishe vitufe."

Hapo nikatazama ukutani.

Ukutani tuna ubao wa zana aliouweka baba. Kila chombo kina msumari wake, na nyuma ya kila chombo baba alichora kivuli chake kwa rangi nyeusi, ili chombo kikikosekana ujue ni nani wa kumfokea. Kuna kivuli cha nyundo, cha koleo, cha sindano ndefu iliyopinda. Na kuna sheria: kila mwaka unapoisha tunausafisha ubao, na chombo ambacho hakikushikwa mwaka mzima kinashushwa, kivuli chake kinapakwa rangi nyeupe. Baba alikuwa akisema ukuta wa fundi si sebule, hatupambi. Alipofariki, mwaka ulipoisha, niliishusha hata nyundo yake aliyokuwa akiipenda, kwa sababu kipini kilikuwa kifupi na hakuna aliyeishika. Dada alilia. Mimi nikapaka rangi.

"Hili dirisha," nikamwambia Karani, "tulifanye kama ubao. Kisichoshikwa kinashuka."

Karani akashika kifua. "Vyote?"

"Kisichoshikwa."

"Mbona ule mkasi hujaushusha?" akasema, akanyoosha kidole ubaoni.

Mkasi mkubwa, wa kukatia turubai, ulikuwa wa kaka. Tangu aondoke hakuna aliyeushika, maana kaka ni wa mkono wa kushoto na mkasi huo umenolewa kwa mkono wake. Ukiushika wewe mwingine unakuuma kidole gumba.

"Huo uache," nikasema.

"Sheria ni sheria, shemeji."

"Karani, nimekuita kwa ajili ya vitufe."

Dada akamkanyaga mguu mumewe, nikaona. Karani akakaa kwenye kompyuta, akavuta pumzi ya mtu anayekwenda kuzika. Akanionyesha: unapeleka kipanya juu ya mstari wa vitufe, unabonyeza upande wa kulia, unachagua kupanga upya, halafu unakishika kitufe usichokitaka, unakivuta, unakiangusha nje ya mstari.

"Kinakwenda wapi?"

"Ghalani. Hakifi. Ukikihitaji unakirudisha."

"Sogea," nikamwambia.

Sijawahi kufurahi hivyo mbele ya mashine. Nikaishika bendera nyekundu nikaiangusha. Kufuli nalo. Dai la taarifa ya kusoma nililivuta polepole ili nifaidi. Rangi zote zikaenda, pamoja na ile ya waridi iliyokuwa ikinivizia. Kila nikiangusha kimoja Karani anaguna, mke wangu anasema, "Mwendo huohuo."

"Hicho cha kubusu kiacheni," dada akasema. "Kizuri."

"Utambusu nani?"

"Si lazima nimbusu mtu. Kikae tu."

"Ukuta si sebule," nikamjibu, nikakiangusha.

Kilichobishaniwa sana ni kitufe cha kusahihisha maandishi. Kazi yake ilikuwa kuweka mstari mwekundu chini ya kila neno langu, kama mwalimu aliyekuja darasani amelewa.

"Hicho ni msaada," Karani akasema.

"Kinasahihisha lugha ya nani? Nimeandika jina la baba kikaweka mstari mwekundu. Baba alikosea kuitwa?"

Karani akatazama dari. Nikakiangusha. Kisha nikasema na ile taadhima inayojiandika iondoke, na idara pia.

"Hata idara?" Sauti yake ilikuwa ndogo. Nilimwonea huruma kidogo, lakini si sana.

"Idara imevunjwa, Karani. Wafanyakazi wote wako salama."

Akaiondoa mwenyewe, kwa mkono wake. Mwishowe mstari mzima ulibaki na kitufe kimoja, cha kutuma, na chini yake uwanja mweupe mtupu. Nilipotoka nje kupokea kochi la mteja, mke wangu alikuwa ameacha cherehani na kukaa mbele ya kompyuta, kidole juu ya kipanya, akiangalia ule weupe. Nikadhani anapendezwa.

Ijumaa mchana ikaja barua ya kaka. Fupi. "Mnunuzi atafika kesho asubuhi na mpimaji. Ondoa makorokoro yako uani wapate kupita."

Makorokoro.

Akutukanaye hakuchagulii tusi, wanasema. Huyu alikuwa amekaa akachagua. Nikamwacha mteja na kochi lake lililo wazi tumbo, nikakaa kwenye kompyuta, nikafungua dirisha. Hakukuwa na kitu cha kugusa kwa bahati mbaya. Weupe tu, na mimi na hasira zangu. Nikaandika hivi:

"Kaka. Makorokoro unayosema niyaondoe ndiyo yaliyokulisha mpaka ukapata akili ya kupanda ndege. Ukitaka kuuza, uza, hati ni yako. Lakini usimwambie mtu unauza kwa sababu pamekufa. Hapajafa. Sasa hivi nina kochi la mteja mbele yangu, nimelifungua nikakuta ndani meno ya bandia na kijiko. Ukuta wa nyuma nimeujenga mwenyewe, umepinda, baba angeutukana. Paa linavuja palepale lilipokuwa likivuja, pale ulipokuwa ukilala wewe. Ubaoni nimefuta vivuli vingi, hata cha nyundo ya baba. Mkasi wako sijaushusha. Sijui kwa nini. Una kutu na umekalia nafasi ambayo ningetundika stepla. Ukiuza sema kama nikutumie au niutupe. Wewe ni mjinga tangu utotoni na mama alijua. Mdogo wako."

Nikapeleka kipanya juu ili nitume. Kitufe hakipo.

Nikatafuta juu, nikatafuta chini. Nikainama nikaangalia hata chini ya meza, sioni aibu kusema.

"Kitufe cha kutuma kiko wapi?"

Mke wangu hakuinua macho kwenye kitambaa. "Nimekishusha."

"Umekishusha?"

"Ghalani. Hakifi."

"Ni kitufe pekee tulichokubaliana kibaki!"

"Wewe na Karani ndio mliokubaliana. Vile vingine vyote havikuwa na kosa, Fundi. Bendera haijamtukana mtu ikiwa imekaa. Balaa yote imepitia hicho kimoja. Kwa hiyo nimekishusha, ukiandika kitu lazima kipite kwangu kwanza."

"Mimi ni mtoto?"

"Mtoto ningemwachia."

Nikapiga meza. Mteja mwenye kochi akasema atarudi baadaye, akatoka kinyumenyume, meno ya bandia mkononi. Nikatoka uani, nikazunguka ule ukuta uliopinda. Nikaupiga teke, nikaumia. Nikakaa juu ya magunia ya sponji mpaka mguu ulipoacha kuwaka, na mguu ulipoacha kuwaka na hasira ikapungua, ndipo hofu ikaingia. Nilikuwa nimemwita mjinga mtu ambaye kalamu yake ndiyo iliyobaki kati yangu na barabara.

Niliporudi ndani, mke wangu alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, anasoma. Midomo inacheza. Alipofika kwenye meno na kijiko akacheka kwa pua. Kisha akaacha kucheka, akasoma hadi mwisho, akarudia.

"Futa," nikasema. "Nitaandika upya. Niweke na taadhima kidogo."

"Weka."

"Hilo la ujinga tulitoe. Na la mama. Na huo mkasi, hauna maana, unampotezea mtu muda."

Akapeleka kipanya juu, akabonyeza upande wa kulia kama Karani alivyotufundisha, akakitoa kitufe ghalani, akakivuta mpaka mahali pake.

"Nimesema nitaandika upya," nikamwambia.

"Nimesikia."

"Mama wee, kesho wanakuja kupima. Unajua ukituma hiyo imekwisha?"

"Zile za taadhima zilikufikisha wapi?" Akaniangalia. "Siku zote hizi nasoma barua zako simwoni mume wangu. Namwona mtu amevaa suti ya kuazima anajikuna. Hii nimekuona. Ukiipaka sukari nakupiga na koleo."

Akabonyeza. Ikaenda. Dirisha likajifunga, nami nikabaki nimesimama na mkono juu, kama mtu anayesimamisha gari lililokwisha pita.

Usiku ule nilimnyima mgongo na uso, nikalala chali.

Jumamosi asubuhi dada na Karani walikuja mapema kunisaidia, ingawa hakuna aliyesema tunasaidiana kufanya nini. Karani alikuwa na faili kwapani. Nikamuuliza ndani kuna nini, akafungua: halikuwa na kitu. Alisema mpimaji akikuta mtu ana faili anapunguza sauti. Tukakaa kwenye lile kochi lililo wazi tumbo, sote wanne, tukitazama lango. Makorokoro sikuyaondoa. Niliongeza hata mengine mawili.

Simu yangu ikalia. Kaka.

Mke wangu akaniwekea sauti ya wazi kabla sijamzuia, akaishika mbele ya mdomo wangu kama mwandishi wa habari.

"Nani amekuandikia barua ya jana?" kaka akasema. Hakuna salamu.

"Nani mwingine anajua kwamba wewe ni mjinga?"

Nikamsikia anavuta kamasi, au anacheka, kwa kaka ni sauti ileile.

"Na zile nyingine?"

"Zipi?"

"Za idara. Bendera, sijui uthibitisho wa kusoma, sijui mistari. Heshima na taadhima. Wewe lini umeniheshimu?"

"Ni mimi. Karani alinipangia mashine."

"Ndiyo maana nimeuliza!" Sasa alikuwa anabweka vizuri, nikatulia kidogo. "Nilisema basi, mdogo wangu ameshasalimu amri, amekuwa kibarua kwenye kiwanja cha baba. Karani amekalia kiwanja, ana idara kabisa. Nikasema kuliko shemeji akile, bora nikiuze kwa mtu nisiyemjua, nisione."

Karani alikuwa amekaa wima, faili tupu kifuani, macho yamemtoka. Dada akainamia simu.

"Kaka, huyu mume wangu hajui hata kuiba sukari jikoni. Akiiba ananiandikia kumbukumbu. Ataiba kiwanja?"

"Kumbe mpo wote?"

"Tupo," Karani akasema. "Shikamoo, kaka."

Kaka akasema, "Marahaba, idara," na dada akaangua kicheko mpaka akazama kwenye tumbo la kochi, tukamvuta kwa mikono.

"Mnunuzi yuko wapi?" nikauliza. Nilijaribu kuuliza kama mtu anayeuliza saa.

"Nimemwambia jana asije. Palepale nilipomaliza kusoma." Kisha akauliza, "Mkasi una kutu kweli?"

"Kama uso wako."

"Upake mafuta, mshenzi we. Wala usitundike chombo kingine pale. Nakuja mwisho wa mwaka, niuone na huo ukuta uliopinda."

"Mwisho wa mwaka tunasafisha ubao. Usipoushika, unashuka."

"Nitaushika," akasema, akakata bila kuaga, kama kawaida yake.

Karani alikuwa wa kwanza kusema kitu. Alisema kitaalamu jambo hili lingekwisha mapema zaidi kama tungetumia kichwa cha barua kilicho wazi. Hakuna aliyembishia, mtu aliyetuhumiwa kula kiwanja akiwa na faili tupu mkononi anastahili kuachiwa neno la mwisho. Mke wangu alimpa na chai.

Mimi niliushusha mkasi, nikakaa nao mezani, na tambara na mafuta ya cherehani. Kutu ilikuwa nyingi kuliko nilivyoandika. Uliniuma kidole gumba mara mbili. Kivuli chake ukutani kilikuwa bado cheusi kabisa, maana jua halikuwahi kukiona.

Jumatatu nikafungua dirisha nimwandikie kaka kwamba mkasi unang'aa, na nimwongezee neno juu ya mtu anayenoa chombo kwa mkono wa kushoto ili kuwatesa wenzake. Nilipomaliza nikapeleka kipanya juu. Weupe mtupu.

"Kiko wapi?" nikauliza.

Cherehani haikusimama. "Soma kwa sauti kwanza," mke wangu akasema.